Kengele Niliyoificha Kabatini

Jumapili, saa tisa alasiri. Kibumba.

Jua halijaonekana leo. Juu yetu kuna kijivu tu, na majivu yanaingia mpaka kwenye meno. Ni siku ya nane tangu mlima ulipomwaga moto. Simu yangu imebakiwa na chaji kidogo, kwa hiyo sitazunguka.

Papa yangu, baba aliyenizaa, yuko ndani ya msitu wa mbuga tangu Alhamisi alfajiri. Alimfuata chui, yeye na mbwa mmoja, bila kengele.

Kengele nilikuwa nayo mimi.

Nimekaa juu ya gunia la viazi mbele ya nyumba ya Mama Furaha, jirani yake. Kila mara ananiletea chai, na mimi naiacha inapoa. Naandika ili mikono ipate kazi.

Wanaosoma blogu hii wanajua nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi pale Majengo, mjini Goma. Nawachapia watu barua za kazi, malalamiko ya viwanja, matangazo ya vifo. Miezi michache iliyopita alikuja mteja na karatasi ya sheria za mbuga kwa ajili ya vijiji vya mpakani. Niliichapa mimi kwa vidole hivi. Hakuna kuingia msituni na mbwa. Hakuna mitego wala mikuki, na kengele ya mbwa ni ushahidi sawa na mkuki. Chui haguswi, hata kama amekula mbuzi wako. Unaenda kituoni kwa walinzi wa mbuga, wanaandika kwenye daftari, unasubiri. Anayekamatwa anawinda ndani anafungwa.

Nilimpelekea papa nakala moja nikamsomea yote, kwa sababu macho yake sasa yanaona mbali tu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na chui, ye walimusomea?"

Tulicheka sana siku ile. Mimi nilicheka kuliko yeye. Lakini wiki hiyohiyo mwanaume mmoja wa kilima chao alipelekwa gerezani kwa kuwinda na mbwa, na nilipoisikia habari hiyo kicheko kilinikauka. Papa ni mzee. Gereza lingemmaliza kabla ya mvua za pili.

Ni lazima nieleze kuhusu kengele, la sivyo hakuna atakayeelewa nilichofanya.

Mbwa wa papa hawabweki. Ni mbwa wa huku, wa rangi ya udongo, mikia imejikunja, wanajua kulia kidogo na kunung'unika, basi. Huyu wa sasa anaitwa Ministri, kwa sababu, papa anasema, anakula vizuri na hasemi kitu. Mbwa wa namna hiyo akiingia kwenye majani marefu humwoni tena wala humsikii. Kwa hiyo anavishwa shingoni kengele ya mbao yenye ulimi wa mfupa. Wakati wa kutembea kimya unaijaza majani ili isilie. Mbwa akishika harufu unayatoa majani, unamwachia, na kuanzia hapo unawinda kwa masikio. Kengele ikienda mbio, mnyama anakimbia. Kengele ikilia mahali pamoja bila kusogea, mbwa amefika: chui yuko juu ya mti, na mbwa yuko chini yake anarukaruka.

Papa alinifundisha hayo nikiwa mdogo, kwa sababu hakuwa na mtoto wa kiume. Wakati wa uasi tulijificha siku tatu pembeni ya msitu, na yeye aliijaza kengele majani akakataa kuiacha nyumbani. Mama alimkasirikia. Alisema angebeba sufuria kungekuwa na faida.

Papa ana sheria zake pia. Jike mwenye watoto haguswi. Mbwa anakula kabla ya mwindaji. Na ile anayoirudia kuliko zote: usimwachie mbwa bila kengele, maana hapo umemtupa.

Basi mimi, mwenye akili za mjini, nikaona nimepata dawa. Nikiiondoa kengele, hatawinda tena. Kwa sheria yake mwenyewe hatawinda. Pasaka nilipokuja kumsalimia niliitoa kwenye msumari wake nikaiweka chini ya mfuko, juu yake nikapanga kabichi alizonipa. Alinisindikiza mpaka barabarani akiubeba mfuko huo yeye mwenyewe. Nikafika Goma nikaificha kabatini, nikajisikia binti mwema.

Kisha mlima ukapasuka. Ile jioni ya Jumamosi sitaielezea, kila mtu wa Goma anayo ya kwake. Moto haukufika kwetu. Kilichofika ni matetemeko, siku nzima, mengine madogo, mengine ya kuangusha sahani. Na kila ardhi ilipotikisika, kengele ililia kabatini. Ko, ko, ko. Mara ya kwanza nilidhani mtu anagonga mlango. Niliifunga kwenye kitenge, ikaendelea kulia ndani ya kitenge.

Jumatano papa alinipigia simu. Watu wa Kibumba walikuwa wamekimbia na kurudi, mbuzi walikuwa wamezagaa, na chui alikuwa amekula watatu wake. Wa tatu alikuwa na mimba, naye ni wa ukoo wa mbuzi wale aliowaacha mama alipokufa. Papa alikuwa amefika kituoni, akaandikwa, akaambiwa asubiri. Hakuwalaumu. Alisema barabara imejaa wakimbizi na walinzi hawajalala tangu mlima ulipowaka. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mutoto yangu, ile kengele ya Ministri, uliionaka?"

"Hapana papa, sijue iko wapi. Labda ilianguka ile siku mulikimbia."

Ardhi ikatikisika papo hapo. Na kabatini, hatua mbili kutoka sikio la simu, ikalia. Ko, ko, ko, ko.

Papa ni mtu anayeweza kuitambua kengele yake kutoka kilima cha pili, upepo ukiwa unampinga. Nilisubiri anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

"Sawa, mutoto yangu," akasema. "Bakia muzuri."

Alijua. Alijua nimemwibia na alijua namdanganya, na hakunidai. Ningeweza kusema, papa nisamehe, nakuletea kesho. Ningeweza kusema, usiende. Sikusema lolote kwa sababu niliona haya. Alikata simu, na Alhamisi alfajiri akaingia msituni na Ministri.

Siku hiyohiyo mji ukaambiwa uhame. Majirani zangu wengine walishika njia ya Sake na magodoro vichwani, wengine wakashuka ziwani Kituku kutafuta mtumbwi. Na mimi nilikuwa nimefunga mizigo. Ijumaa, kabla sijatoka, Mama Furaha akapiga. "Muzee wako aliingia na imbwa tangu jana, hajarudia." Nikafungua kabati, nikachukua kengele, nikaacha mizigo kitandani. Watu wakielekea Sake na ziwani, mimi nikaenda kaskazini.

Barabara ya Rutshuru imekatwa na mawe ya moto. Mwenye pikipiki alinishusha hapo, nikavuka kwa miguu na wanawake wengine waliokuwa wanarudi kwenye mashamba yao. Juu ni jeusi na gumu, chini bado kuna joto, na sendo zangu zililainika kama mkate uliolowa. Ng'ambo ya pili nikapata pikipiki nyingine, na Jumamosi asubuhi nikawa kituoni kwa walinzi.

Na hapo nikadanganya tena.

Kwenye ukuta wa kituo imebandikwa ile karatasi, niliyoichapa mimi. Niliitazama, nikawaza pingu kwenye mikono ya papa, nikawaambia alienda kuokota kuni. Kuni nazo ni marufuku, lakini kwa kuni wanakugombeza tu. Walinihurumia. Walitoka kumtafuta upande ambao watu wanaokota kuni, upande wa chini, mpaka jioni, nao walikuwa wamechoka kuliko mimi. Chui anakaa upande wa juu. Nilijua anakaa juu. Nilikaa kwenye benchi lao na kengele mfukoni, imejazwa majani, nikawaacha watafute chini siku nzima.

Sijawahi kujichukia hivi.

Leo asubuhi mkuu wa kituo, mwanaume wa makamo mwenye sauti ya chini, aliniketisha peke yangu. Nadhani alishaelewa.

"Mama, unisikilize. Kule juu kuko bantu benye silaha. Tulizika benzetu bengi. Tukisikia kengele, tunajua ni muwindaji na imbwa yake, tunamukamata, anaishi. Tukisikia tu majani inatikisika, hatujue ni nani. Na bale bengine, ba ndani, nao habajue. Muzee wako alienda kutafuta nini?"

Niliitoa kengele mfukoni nikaiweka mezani.

Sikujua kama anakasirika. Aliipindua, akachungulia majani niliyoijaza, kisha akanisogezea kalamu.

"Andika yote. Ukiandika, tunapanda juu sasa hivi. Lakini tukimupata, tutamufunga. Sitakudanganya."

Nimeandikia watu barua nyingi mpaka sizihesabu tena. Hii ya leo ilikuwa ya mistari sita. Kwamba papa yangu aliingia kuwinda chui, na mbwa, akijua sheria, kwa sababu mimi nilimsomea. Nikatia sahihi. Herufi zangu zililala upande kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Tulipanda mpaka pale shamba la mwisho linapogusa msitu, pale papa anapoingilia. Walinzi wanne, mkuu wao, na mimi. Niliyatoa majani ndani ya kengele. Papa huitikisa kabla ya kumvisha Ministri, na Ministri huja mbio kutoka popote alipo, kwa sababu anajua baada ya kengele kuna chakula. Niliitikisa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiliza tangu utoto. Niliitikisa mpaka mkono ukafa ganzi, nikabadilisha mkono, na mlinzi mmoja akaanza kuangalia saa.

Ministri akatoka.

Alikuwa amekonda, bega moja limechanwa, damu imekauka pamoja na majivu. Hakuja kwangu mbio. Alikuja polepole, akanusa kengele, akanusa mkono wangu. Shingoni alikuwa na kamba, na kwenye kamba kopo la nyanya la bati, lile dogo, limetobolewa kwa msumari. Papa alimtengenezea kengele ya kopo. Hakumtupa. Lakini kopo lilikuwa limepondeka, limejaa tope, halitoi sauti yoyote. Hapo nililia mbele ya wanaume watano na sikujali.

Mkuu wa kituo alichuchumaa. Nilidhani atamfunga mbwa, maana sheria ndivyo inavyosema na yeye ndiye sheria. Aliikata kamba ya kopo kwa kisu, akaniambia, "Muvalishe ile yake." Nikamvisha. Tulimpa mkate wangu wote na maji kwenye kofia ya mlinzi. Alipomaliza aligeuka, akaanza kurudi msituni bila kuitwa, akasimama, akatutazama. Walinzi wakamfuata. Mimi nilikatazwa kuingia.

Kwa hiyo nimeshuka mpaka hapa, juu ya gunia hili, kusikiliza.

Niliisikia kengele ikipanda. Sasa iko karibu na mianzi, nikajiambia. Sasa imepita kushoto. Ilikwenda mbio, ikapungua, ikaenda mbio tena. Mama Furaha aliwanyamazisha kuku. Halafu, kama saa nane hivi, kwa mbali sana, ikalia mahali pamoja. Haikusogea. Ililia palepale, palepale, muda wa kumaliza Baba Yetu mbili. Najua kwa sababu nilizisali.

Mbwa amefika. Kwa nani, sijui. Chini ya mti wa chui, au miguuni pa papa.

Kisha ikanyamaza.

Papa alinifundisha maana ya kengele ikikimbia na ikisimama. Ikinyamaza hakunifundisha. Labda wameijaza majani. Labda mtu ameishika mkononi, mtu anayeijua, na anauliza imefikaje huku. Ardhi imetikisika mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili nimegeuza kichwa kama mjinga, nikidhani ni kengele.

Chaji inaisha. Sina ombi la kesho, nina la leo tu. Jumatano nilikuwa naomba papa asije akafungwa kamwe. Sasa nimeikazia macho ile njia inayotoka msituni, naangalia mikono ya kila anayeshuka.

Mungu wangu, wamlete na pingu.