Masikio ya Bwana Mkubwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimegonga mlango mpaka vidole vinauma. Na mama yumo ndani! Siku zote hata mkoba sijashusha, mlango wazi. Leo mpaka nizunguke dirishani, nipunge mikono kama kichaa. Eti alisinzia. Amesinziaje na kisu cha vitunguu mkononi?

Paka wake naye, Bwana Mkubwa, kalala kwenye kiti changu, anajikuna masikio tu. Nimemsogeza — uvundo huo! Kitu cheusi kimenigandia kidoleni. Ptuu. Nimenawa, nikanawa tena.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi mama kashika kijiti cha pamba, anataka kumchokonoa paka masikio. Nikamnyang'anya. Tukaenda kwa daktari wa mifugo. Akammulika: wadudu! Wanatembea humo humo sikioni. Akanionyesha kwa kioo cha kukuzia — nani kamwomba? Ngoma ya sikio ni nzima, kwa hiyo tusafishe nyumbani: dawa ya kulainisha uchafu kwanza, kisha ya wadudu. Vijiti marufuku, vinasukuma uchafu ndani.

Akamuuliza mama paka ana umri gani. Mama akajibu, anakula vizuri. Nilicheka. Daktari hakucheka.

Na nani atasafisha? Mikono ya mama inatetemeka. Haya, mimi. Nisiyependa paka!

Jumatano, 5 Machi

Sitaki hata kuandika.

Nimemviringisha kwenye taulo — taulo langu! — kichwa tu nje. Nikapasha chupa ya dawa joto kiganjani, nikamimina, nikasugua shina la sikio polepole. Chwa, chwa, chwa. Mlio gani ule! Daktari alisema nimwachie atikise kichwa. Katikisa. Uchafu wote kwangu — shingoni, kwenye miwani, mdomoni. Mdomoni! Mama kacheka mpaka machozi.

Nikafuta kwa pamba pale tu jicho linapofika. Imetoka na tope kama mashapo ya kahawa.

"Bado la pili," mama akasema.

Mungu wangu, anayo mawili.

Alhamisi, 6 Machi

Kazini nimeambiwa ninyunyize kakao juu ya keki. Nimeiona tu ile kakao, mbio chooni. Sasa wenzangu wote wa jikoni wananong'ona nina mimba. Mimba ya paka, labda!

Jumamosi, 8 Machi

Mlango tena. Nimeingia kwa dirisha, mtu mzima mimi. Moshi. Sufuria imekauka, inaalika pa! pa! kwenye gesi, na mama kaipa mgongo, anachambua mchele. Eti alisahau. Nimegomba. Yeye kaninunia, na bado nikamshika yule paka nikamtia dawa. Leo kinyaa kimechanganyika na hasira.

Jumatatu, 10 Machi

Masikio ya Bwana Mkubwa yameanza kutakata, uvundo umepungua. Leo nimechungulia dirishani kwanza, ndipo nikanyoosha mkono nikagonga mlango. Taratibu tu. Mama katulia tuli. Paka kainua kichwa, karuka chini, kakimbilia mlangoni. Mama kamwona. Ndipo akainuka.

Kumbe! Kumbe anayesikia mlango ni paka. Tangu lini? Mchana kutwa niko kazini, yeye yuko peke yake na gesi, na masikio yake yote ni ya huyu mchafu!

Nimesalimia tu. Nimeogopa.

Jumanne, 11 Machi

Nimemaliza sikio la kushoto. Bado linanuka kidogo, bado najikaza nisitapike. Mama kanipa mgongo, anakunja nguo. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, kesho twende kwa daktari wa masikio. Anakunja tu.

"Mama!"

Bwana Mkubwa kageuka, kanikodolea macho. Mama kamtazama paka. Ndipo naye akageuka, anatabasamu.

"Nimekusikia, mwanangu. Weka tu mezani."

Mkononi nina pamba ya uchafu. Ananisubiri, bado anatabasamu. Nimeiweka. Mezani, kando ya sahani.