Ukungu Studio kwa Atupele

Jumatatu, 15 Aprili 1996

Mvua tangu juzi. Nimefungua studio ya marehemu mke wangu, Atupele, nikakutana na ile harufu — kama shuka zilizofungiwa sandukuni. Negativu zimeota ukungu. Nje ukungu, ndani ukungu. Neno moja, na wote wawili hawabishi hodi.

Nimetafuta ile moja kwanza. Siku ya kufungua studio, Atupele mlangoni. Kaka yake, Nelson, ndiye aliyepiga, kidole gumba chake kikaziba kona. Ndiyo picha pekee anayocheka. Nyingine zote amenuna kama za kitambulisho. Ukungu umeshakula kile kidole. Begani kwake bado haujafika.

Jumatano, 17 Aprili

Wasafisha picha wa Mbeya wamesema mashine yao ni ya picha za rangi tu. Na nisiifute ile negativu — picha itatoka pamoja na ukungu. Kwanza chumba kikauke. Tia kiyoyozi, wakasema.

Kiyoyozi, Tukuyu! Nimecheka peke yangu stendi.

Hasheem wa vifaa vya umeme anacho kimoja kidogo, cha dirishani. Nikamwambia chumba hakizidi jiko la nyumbani, dirisha moja. Akasema basi hicho hicho. Kikubwa kitapoza upesi, kizime kabla hakijakausha hewa. Kidogo kinakwenda muda mrefu, maji yanatoka nyuma tone tone. "Na uwashe taa kubwa ya kutoa joto humo ndani, Baba Tulia, la sivyo kwa baridi yenu hii nacho kitalala."

Maneno yana akili. Lakini ni chake anachouza.

Ijumaa, 19 Aprili

Nelson amepita na lori la ndizi, anateremka Dar. Hakunisikiliza hata nusu! Hasheem anakuuzia kifaranga, shemeji, akasema. Dar mashirika ya umma yanauzwa, ofisi zinamwaga viyoyozi mnadani. Vinapimwaje? Nikamwambia nilivyosikia: kwa tani. Hicho cha Hasheem ni robo tatu.

Akaingia studio. Akatazama makabati, meza, ile mashine ya kuchapia, akavipima kwa macho kama anavyopima shehena. "Humu mna tani moja na nusu, siyo pungufu. Tuchukue cha tani mbili, kisizidiwe."

Nikasema nadhani tani hiyo si ya uzito wa mali. Ni ya nini basi? Labda ya nguvu ya kupoza, nikasema.

"Shemeji, mimi na tani tumezeeka pamoja!"

Siku ya mazishi lori lilimkwamisha mlima Kitonga. Alifika kaburi limeshafunikwa. Nitamkataliaje?

Jumapili, 21 Aprili

Kisahani cha chumvi cha Atupele bado kipo kwenye rafu. Kila asubuhi aliigusa ile chumvi kabla ya kazi. Ikiwa imelowa, hatoi filamu kwenye bahasha. Leo imelowa chapachapa.

Ukungu umegusa bega.

Jumatatu, 22 Aprili

Hasheem ameniita nje ya soko. Kuna watu wa gesti, Msasani ya hapa hapa Tukuyu, wanakitaka kile kiyoyozi kidogo. Ananingoja mpaka Jumatano, kwa heshima ya marehemu. Nikasema ndaga, ndaga — asante tu. Sikusema ndiyo wala hapana.

Jumatano, 24 Aprili

Nelson amerudi na mashine yake. Kubwa kama kabati! Tumebomoa dirisha ili ipite. Fundi akaunga, ikawaka — upepo kama wa kileleni Rungwe. Nelson akafunga vifungo vya koti, akapiga makofi. "Sikia baridi hiyo, shemeji!"

Baridi tunayo bure. 

Chai haijapoa, ikazima. Tukangoja. Ikaguruma kidogo, ikazima tena. Nyuma, ndoo kavu. Inapumzika, akasema Nelson, imetoka mbali. Fundi akaangalia viatu vyake.

Nikamsogezea kile kisahani.  Anakijua — alikimwaga mara moja, dada yake akamwita fahali mpaka Pasaka. Amechovya kidole gumba. Chumvi imekigandia kama uji.

Naandika hapa mlangoni. Fundi ameondoka. Nelson ametoa ile negativu kwenye bahasha, ameinyanyua kwenye mwanga, anaishika kwa pembeni kama alivyofundishwa.  Mashine kimya, mvua tu.

Amesema bila kugeuka: "Huyo Hasheem anafunga saa ngapi?"

 Mchana nimepita dukani kwake. Gari la wale wa gesti lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka, mlango wa nyuma wazi, wanapakia.