Nani Anapandisha Joto la Sebuleni?

Mpendwa Shangazi wa gazetini,

Shikamoo. Bibi yangu amenifundisha kwamba barua yenye haja isizunguke nyumba nzima kabla ya kubisha hodi, basi naanza na haja yenyewe: nimepewa kazi ya kuchagua kidhibiti joto kipya cha nyumbani kwetu, Jumamosi hii tunakwenda dukani, na naogopa kwamba nitachagua vibaya kwa makusudi.

Nina miaka kumi na minne. Nyumbani tuko wanne, yaani baba, mama, bibi mzaa mama, na mimi, na kwa kuwa miezi ya baridi kwetu ni mirefu tuna mtambo wa kupasha joto nyumba yote, na kwenye ukuta wa sebule, karibu na swichi ya taa, kuna kidude cheupe chenye gurudumu dogo kinachouambia mtambo uwake lini na uzime lini, na gurudumu hilo ni laini sana, mtu akipita na kulisukuma kwa kidole kimoja halitoi hata sauti. Baba ameliweka kwenye nyuzi joto ishirini. Baba ni mkaguzi wa mizani, huzunguka madukani na sokoni kuhakikisha kilo ya muuzaji ni kilo kweli, na msemo wake ni mmoja tu, “Mizani haina mjomba.” Mama ni muuguzi. Bibi alikuwa karani wa posta kwa miaka thelathini na sasa amestaafu, anakaa nasi tangu mwaka juzi, na ndiye anayenisahihishia barua na insha zangu zote. Hii ni barua ya kwanza ambayo hajaiona.

Tangu baridi ianze baba anarudi kutoka kazini na kukuta gurudumu liko ishirini na nne, wakati mwingine ishirini na tano, na kwa kuwa mchana bibi ndiye anayeshinda nyumbani, baba ameamua kwamba ni bibi. Mwanzoni ilikuwa utani. Tulikuwa mezani, baba akasema, “Mama, leo tena ishirini na nne?”

Bibi akajibu, “Hicho kidude kimezeeka kama mimi, mwanangu. Kinajipandia chenyewe.”

“Sisemi kitu. Nasema tu mizani haina mjomba.”

“Na mama mkwe je, haina?”

Wengine wote wakacheka, hata baba, na bibi akanitazama juu ya miwani yake, kisha akaniongezea mchuzi ingawa sahani yangu ilikuwa bado imejaa.

Shangazi, mimi sikucheka, kwa sababu anayepandisha ni mimi.

Ilianza hivi. Siku moja nilirudi shule saa tisa na nusu, nikamkuta bibi kwenye kiti chake cha dirishani anafuma, amejifunga shali mpaka masikioni, nikaona huruma, nikavua viatu ili asinisikie, nikapita ukutani kwa soksi na kulisukuma gurudumu, nikijiambia nitalirudisha kabla baba hajafika, lakini nikaanza hesabu na unajua Shangazi hesabu ikikolea mtu hasikii saa, na kesho yake nikafanya tena, na keshokutwa tena, na sasa imekuwa kama kupiga mswaki. Siku ya kwanza sikusema kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Siku ya pili sikusema kwa kuwa ningetakiwa kueleza kwa nini sikusema siku ya kwanza. Sasa ni siku ya ishirini na tatu.

Wiki iliyopita utani uliisha. Baba alisema mezani kwamba amechoka kubahatisha, atanunua kidhibiti joto janja, kile kinachoungana na simu, kila mtu apewe namba yake ya siri, na kila kinapoguswa kiandike nani na saa ngapi. Akasema, “Hapo kila mtu atajulikana.” Mama akasema, “Jamani, mimi wodini nimeshinda nikipima joto la wagonjwa thelathini, sasa nirudi nyumbani nipimwe na ukuta?” Bibi aliweka kijiko chini taratibu. Kesho yake nilimkuta anakunja nyuzi zake za kufumia na kuzipanga ndani ya sanduku, nikamuuliza anafanya nini, akasema shule zikifungwa atakwenda kukaa kwa mjomba, “Kule hawapimi.” Na tangu hapo mama anamwambia baba maneno matatu tu kwa siku, na yote ni kuhusu chumvi.

Sasa kazi ya kuchagua nimepewa mimi kwa sababu nilikuwa wa kwanza darasani katika sayansi, baba ananiita Profesa na alisema, “Profesa, niandikie ripoti.” Nimeenda dukani mara mbili na kumuuliza muuzaji maswali mpaka akaniletea kiti. Nimebaki na vitatu, na nimevipanga kwenye jedwali ambalo naambatanisha. Cha kwanza ndicho cha namba za siri anachokitaka baba. Cha pili hakina namba, chenyewe hutazama mazoea ya nyumba kwa wiki mbili kisha kinajiendesha. Cha tatu ni cha kawaida zaidi, kina tarakimu kubwa na vitufe viwili, na kinakuja na kipimio kidogo cha kuweka chumba kingine.

Katika ripoti nimeandika sababu nne za kukikataa cha kwanza. Sababu zote nne ni za kweli, na hicho ndicho kinachonitia aibu, kwa kuwa hakuna hata moja iliyo sababu yangu. Tena nimefikiri nikaona kwamba hata kikinunuliwa sitakamatwa, kwa kuwa nitaacha kugusa, lakini nikiacha, baba atasema, mnaona, mama mkwe kaogopa kidude, na bibi atakuwa na kosa mpaka mwisho. Nikichagua cha pili nitakuwa nimemdanganya baba kwa jedwali. Vyovyote vile bibi anaondoka, na hataki kuondoka, najua, maana anapanga sanduku halafu anapangua, anasema eti nyuzi zimechanganyika.

Jambo jingine dogo ambalo silielewi ni kwamba kila nikipandisha joto, baada ya muda bibi hufungua dirisha lake, hata mvua ikinyesha. Anasema anapenda kusikia barabara.

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Nichague kipi?

Wako mtiifu,
Profesa (ni jina la utani tu)

*

Marahaba, Profesa.

Katika kazi hii nimeandikiwa na watu waliotoroka harusi zao na watu waliouza kitanda cha wifi, na hakuna hata mmoja aliyeniambatanishia jedwali. Lako limepigwa mistari kwa rula. Nimelibandika juu ya meza yangu ili wenzangu ofisini wajue kuna watu wanaofanya kazi.

Sasa nikukoromee kidogo. Umeniuliza uchague kipi, na katika kurasa nne umejijibu mwenyewe kwamba hakuna kati ya vile vitatu kitakachosema badala yako. Mwanangu, kwenye duka lile umekwenda kutafuta kifuniko cha siri, na muuzaji masikini akakuletea kiti.

Tuanze na bibi. Siku ishirini na tatu umemtibu ugonjwa wa baridi. Je, alikuambia anaumwa? Uliona shali ukaandika dawa. Mimi navaa shali hata nikikaanga, ni mazoea, bila shali najiona kama nimetoka nusu. Mtu mwenye baridi hafungui dirisha siku ya mvua ili asikie barabara. Barabara ina nini siku ya mvua? Bibi yako anaiva, Profesa. Wewe unamchochea moto, yeye anatafuta hewa, mtambo unaona ubaridi wa dirishani na kuzidi kuunguruma, na baba yako anarudi kukuta nyumba ya maajabu. Wa kwanza katika sayansi!

Na kwa nini hakusema acha? Sikai kwenu, lakini mabibi nawajua. Karani aliyetumia miaka thelathini kutazama nani kaandika nini hapitwi na mtoto anayenyata kwa soksi. Ile jioni alipokutazama juu ya miwani, alijua. Aliona mjukuu anamwonea huruma, akaona afadhali ale lawama kuliko kukuvunja moyo. Sasa lawama imekuwa kubwa kuliko sahani, naye anapanga kuondoka nayo ili isikupate wewe. Hicho ndicho kilichomo ndani ya lile sanduku, pamoja na nyuzi.

Basi fanya hivi, na ufanye kesho, usingoje Jumamosi.

Ukirudi shule usivue viatu. Ingia kwa kishindo, kaa karibu naye, umuulize maneno manne: “Bibi, unasikia baridi kweli?” Kisha usikilize jibu lote, hata likiwa refu. Umwambie unachokusudia kufanya mezani jioni hiyo. Atakukataza. Atasema yameisha, yaache. Hapo, kwa mara moja katika maisha yako na kwa ruhusa yangu, usimtii.

Lazima iwe mezani, kwa kuwa bibi alituhumiwa mezani, mbele ya mama yako. Ukimnong'oneza baba koridoni, utasafishwa wewe na bibi atabaki vilevile. Maneno yawe machache: “Baba, anayepandisha joto ni mimi, tangu siku ya kwanza. Bibi hajawahi kuligusa gurudumu. Nisameheni.” Usieleze kuhusu shali. Usieleze kuhusu hesabu ilivyokolea. Maelezo yangoje kuulizwa, na najua kwako hilo ndilo gumu kuliko yote.

Baba yako atakasirika, na si kwa ajili ya gurudumu. Mkaguzi wa mizani amegundua kwamba amemhukumu mama mkwe wake kwa mizani ambayo hakuikagua. Aibu ya baba huvaa nguo za hasira kwa jioni moja au mbili. Ivumilie, usijitetee, osha vyombo.

Na wewe baba, maana nina hakika gazeti hili linafika kwenu: ni kweli mizani haina mjomba. Lakini mizani husema uzito tu, haisemi nani kaweka jiwe. Hilo ulitakiwa kuliuliza kwa mdomo, na kwa adabu, kabla ya kutaka kumpa mzazi wa mkeo namba ya siri ya kugusa ukuta.

Sasa kifaa, maana nisipokujibu utaniandikia tena na jedwali jingine. Ningekuwa wewe ningechukua cha tatu. Kile cha kujifunza mazoea kingejifunza nini kwenu? Kwamba saa tisa na nusu joto linapanda na dirisha linafunguliwa. Kingeyashika makosa yenu na kuyarudia kila siku kwa uaminifu mkubwa. Cha tatu kina tarakimu ambazo bibi atasoma bila kutafuta miwani, na kile kipimio kidogo mtakiweka anaposhinda yeye, kiseme kweli kama pale pana baridi au la. Lakini mbali na dirisha, tafadhali, na mbali na jua, la sivyo mtakuwa mnapima hali ya hewa ya barabarani.

Kabla ya kununua, fundi wa umeme azime umeme, afungue kile kidude cha zamani na kupiga picha ya nyaya zake, uende nayo dukani, kwa sababu si kila kidhibiti kinakubali nyaya za kila ukuta. Muulize muuzaji maswali mawili uliyoyasahau: mtandao ukikatika kinaendelea kufanya kazi, na je, kinaweza kuwekewa mpaka wa juu na wa chini? Kikiweza, kaeni wote wanne mkubaliane, tuseme kumi na nane hadi ishirini na mbili, na katikati ya hapo kila mwenye kidole aguse bila kuulizwa. Mama yako naye apewe nafasi ya kusema anataka ngapi. Nimesoma barua yako mara mbili na sikuona mtu aliyemuuliza.

Zile sababu zako nne ni nzuri. Zisome mbele ya baba baada ya kusema kweli, zitakuwa safi na zako. Na ikiwa baada ya yote bado atakitaka kile cha namba za siri, usibishane naye. Chukua namba ya kwanza wewe.

Limebaki sanduku. Usimwombe bibi abaki kabla hujasema, maana atadhani unataka aendelee kukufunika. Sema kwanza. Baba akishanyamaza, na atanyamaza, mgeukie bibi umwombe asiende kwa mjomba. Mwombe mara moja tu, mbele ya watu wote, halafu ufunge mdomo na uhesabu hadi ishirini polepole. Uache nafasi mezani, baba yako aone kwamba ni zamu yake kumwomba.