Mtani Wangu Hakucheka

Mdogo wangu Kalunde,

Mimi kaka yako Maganga nina miaka sabini na tisa. Nimemzika mke. Nimeishi kuliko ghala nililobebea maboksi mpaka likafungwa, kuliko madaktari walionikataza chumvi, kuliko makocha wote walionijua kwa sura. Na sasa nimeishi kuliko timu yangu. Hiyo ndiyo habari, lakini salamu kwanza.

Kifua chako kinaendeleaje? Mvua ya Urambo imeshuka au mnatazama mawingu tu? Mimi huku mzima wa nje. Nakula, nagombana na binti yangu Nyamizi, basi siku imekwisha.

Uliniuliza kwenye simu narudi lini, nikakukatia. Usikasirike. Simu inataka jibu upesi na jibu langu ni refu.

Unajua nilivyoipata ile timu? Ni baridi yangu ya kwanza hapa ugenini Lewisville, nimepotea njia, naona watu wanaingia jumba kubwa, wote wamevaa kahawia, wanaimba. Nikasema hawa ni kanisa. Nikaingia, nikavua kofia, nikakaa mbele kabisa, nikainamisha kichwa. Mpira ukanigonga utosini. Watu wakanipigia makofi! Kumbe ni chuo, wanacheza mpira wa kikapu. Tangu siku hiyo sikukosa. Katika nchi yote hii ni pale tu watu walinisogezea kiti bila kuniuliza natoka wapi.

Hakuna mtu hai anayeijua timu yangu ya Kahawia kama mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Hawa wa leo hawajui kwamba paa lilikuwa linavuja, wachezaji wanakwepa madimbwi kuliko wanavyokwepa wapinzani. Hawamjui yule kijana niliyempa jina Mnazi kwa urefu wake, aliyetufikisha fainali, mara moja tu katika maisha yote ya timu. Tuko nyuma kidogo, umebaki mpira mmoja wa kutupa. Mnazi hakumtazama kocha, alinitazama mimi. Nikamkubalia kwa kichwa. Akatupa, mpira ukazunguka kwenye chuma, ukatoka nje. Lakini alinitazama mimi!

Siku hiyo hiyo akanipigia Pazi. Pazi ni Mzaramo, anakaa Houston, timu yake ni ya chuo cha huko. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo unatujua, watani tangu mababu. Kila tukifungwa anapiga simu analia kilio cha uongo: "Wee mpagazi, nasikia kuna maiti huko! Mmeshaiosha au nilete maji?" Nami namjibu, "Njoo, mla nazi wee, utalala mlangoni na mbwa." Miaka ikaenda hivyo. Msiba wenye mtani haulemei sana, unajua mwenyewe.

Mwezi uliopita chuo kikasema kinaifuta timu, watazamaji hakuna. Nikaenda kwa mkubwa wao, nikamwambia, "Mtazamaji ni mimi." Akatabasamu, akanipa kofia.

Mchezo wa mwisho ukawa Houston. Nyamizi akaja juu: "Baba, na goti hilo? Si uta-watch tu kwenye simu yangu!" Nikamwambia, "Maiti haizikwi kwa simu." Nikapanda basi.

Njia nzima najiandalia matusi. Nilijua Pazi ataningoja amejifunga kanga kichwani, atajilaza mlangoni azuie jeneza lisitoke, kama watani wafanyavyo, mimi nitamtukana, watu watacheka. Na labda, hili nakwambia wewe tu, labda ingeonekana timu haijafa.

Tukafungwa vibaya. Pazi kakaa ubavuni kwangu na fimbo yake, hana kanga kichwani. Filimbi ya mwisho ikalia, watu wakaanza kutoka. Nikamchokoza mwenyewe: "Haya Mzaramo, maiti hii hapa. Leo mdomo umeuacha nyumbani?"

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, kaka Maganga."

Kaka! Tangu tujuane hajawahi kuniita hata kwa jina. Nikamwambia, "Nitukane." Akasema, "Leo siwezi, mzee mwenzangu."

Hapo ndipo nilipojua. Mtani akikupa pole bila kucheka, umezika kweli.

Basi, sirudi, Kalunde. Anayerudi hurudi na habari, na habari yangu yote ni Kahawia, haina wa kuisikiliza huko. Hapa nako wamelitia jumba kufuli, asubuhi napita nje nalitazama. Kile chumba ulichonitengea, weka mahindi.

Msalimie shemeji, mumeo, mwambie kwenye bao bado namshinda. Msalimie jirani mfuga nyuki, na mwanao mwalimu anayekusomea barua hii, asinirekebishie maneno.

Na atakayesema Maganga anaongopa, hakukuwa na timu wala Mnazi, amuulize Pazi wa Houston. Ni Mzaramo, hajawahi kusema kweli juu yangu ila siku ile moja.

Kaka yako mkubwa,
Maganga