Ubao wa Mlangoni

Nyeri, Agosti 1966

Ndugu yangu Theuri,

Huku tuko wazima, ila baridi imetukalia vibaya. Duka letu la kuchapa limepata herufi mpya za mbao, nene na ndefu, zimebanana kama akina mama kwenye benchi la kanisa. Sasa tangazo la harambee ya Kiriaini linatosha kwa mstari mmoja, na mtu analisoma akiwa ng'ambo ya barabara.

Baba naye alitaka ubao wa mlangoni upakwe rangi upya. Nikauchora kwa maandishi yetu mapana ya zamani, MURIITHI NA WACHUKA, jina lake na langu, yakaujaza wote. Akanikaripia: "Ati nini hii? Futa! Chora kama hizo zilizobanana. Kuna jina bado halijaingia." Nikafuta nikishangaa, maana tangu mgombane hajawahi kukutaja.

Jana tumeutundika: MURIITHI, WACHUKA NA THEURI. Baba, na macho yake hayo mabovu, alitembea mpaka pale basi la Nairobi husimama, akageuka, akapaza sauti soko zima lisikie: "Mtu akishuka hapa, hawezi kukosa kuliona jina lake!"

Ni mimi dada yako, mikono yote rangi,
Wachuka