Tiki Niliyoiondoa Jana

Jumanne. Mvua haijakata tangu alfajiri, bonde la Jangwani limejaa maji, nami nimefika dukani Kariakoo nimelowa mpaka magotini.

Moyo wangu ni mzito kuliko sketi hii.

Mwaka jana, nilipomaliza chuo na kuanza kumsaidia baba kuuza vitenge, alijirekodi sauti, akamwomba fundi aipange ijicheze kila kompyuta ya duka inapowaka: "Aika, umechelewa tena." Alicheka wiki nzima.

Tulimzika Machame miezi mitatu iliyopita.

Kompyuta haijui. Kila asubuhi naiwasha, naye ananiambia nimechelewa. Jana Mama Jesca wa duka la jirani alikuja kuazima mkasi, sauti ikamkuta.

"We Aika! Mzee bado anafungua duka? Nusura nikimbie niache kandambili!"

Tulicheka. Kisha akaondoka, mkasi akausahau mezani.

Kesho mama anakuja dukani kwa mara ya kwanza tangu msiba. Niliogopa sauti ile ingemwangusha, nikamwita fundi jana hiyo hiyo. Akanifungulia orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe. Sikujua ni nyingi hivyo: ya muziki, ya kuchati, hata ya printa tuliyokwisha kuitupa. Kila moja ina kisanduku chenye tiki.

"Ukitoa tiki haifutiki, dada. Inakaa tu, haiamki."

Nikatoa ya printa. Kisha ya baba. Vidole vyangu havikusita, na hilo ndilo linalonitisha.

Leo, kama kila siku, nilimpigia mama huku nawasha kompyuta, simu nimeibana begani. Shikamoo, marahaba, habari za mvua. Mara akanyamaza.

"Mama, upo?"

"Nipo. Hujawasha kompyuta?"

"Imeshawaka."



"Mbona baba yako hajasema?"

Miezi mitatu amekuwa akimsikia kupitia simu yangu. Mimi nilidhani anapokea simu kwa ajili yangu.

Nikadanganya kwamba mteja ameingia, nikakata. Duka lilikuwa tupu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi lilikuwa tupu kweli.

Nimerudisha tiki. Sijaijaribu, sitaki kuisikia sauti kabla ya mama.

Kesho nitampa mama funguo za duka, aiwashe kompyuta mwenyewe. Nami nitachelewa kidogo, makusudi.