Nilipouliza Kama Yoga ni Maombi

Baba Chebet,

Habari ya Keringet? Hapa Kiamunyi kwa Chebet vumbi linaingia mpaka kwa chai. Jana Chebet alinipeleka yoga kwa sababu ya mgongo wangu. Najua ulikataa, ukasema ni ibada ya wengine, kwa hivyo nilimuuliza mwalimu mbele ya watu wote. Ni mama Mhindi, mzaliwa wa hapa Nakuru.

"Mwalimu, hii ni maombi ama ni mazoezi?"

Wasichana wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kwa baba yangu ilikuwa maombi," akasema polepole. "Alikuwa anaamka alfajiri, anakaa kimya kabla ya kula chochote. Siku hizi dunia nzima inanyoosha viungo tu. Wewe nyoosha mgongo, mama."

Nilimwonea huruma, nikanyoosha. Mwishoni tulilala chali, na wengine wakashikwa na usingizi. Mimi nilimwomba Mungu wetu, nikakutaja wewe kwanza. Nilipofungua macho, mwalimu alikuwa ameketi amefumba yake, midomo ikichezacheza bila sauti. Nikafumba yangu tena, nisimkatize.

Ule vizuri, mzee wangu, na Mungu akutunze.

Mama Chebet